Kabla Panga Halijatoka: Polisi Wanavyofaa Kujipanga Dhidi ya Uhalifu wa Chuki

Kila anayeshuka matatu Kengeleni hupita karibu na kengele iliyoupa mtaa huo jina. Ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa kutoka utumwani. Kengele hiyo iliwaita watu ibadani, na pia iliwaonya hatari inapokaribia. Ilikuwa na maana kwa sababu mbili: kuna aliyeipiga mapema, na kuna waliochukua hatua walipoisikia.

Hatua chache kutoka hapo ni Soko la Kongowea. Alfajiri, lori la viazi na kabichi kutoka bara husimama ubavuni mwa pikapu ya nazi kutoka Kilifi. Mwenye banda ni Mdigo, jirani yake Mkamba, mchukuzi Mluhya, muuza mitumba Mkikuyu, na mteja ni Mswahili wa Mji wa Kale. Siku nyingi watu hawa hugombana kwa bei tu. Lakini wakaazi wenye umri wa kutosha wanajua kwamba zipo siku ambazo swali hubadilika, likawa: wewe ni wa wapi?

Siku hiyo ikifika, polisi wana kazi gani? Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, maafisa wanafaa kujipanga vipi, na raia wa kawaida anaweza kudai nini kituoni.

Uhalifu wa chuki ni upi?

Uhalifu wa chuki ni kosa la kawaida, kama kupiga, kuchoma, kuiba au kutisha, ambalo mtendaji amemchagua mwathiriwa kwa sababu ya kabila, dini, rangi au asili yake. Mwizi anayevunja duka kwa sababu lina pesa ni mwizi. Kundi linalovunja duka kwa sababu mwenyewe ni "mbara" au "Mwarabu" au "Msomali" limefanya jambo zaidi ya wizi. Limewatumia ujumbe wote wanaofanana naye kwamba zamu yao yaja.

Katika vitabu vya sheria vya Kenya hakuna kosa lenye jina hilo. Polisi hulazimika kutumia sheria kadhaa kwa pamoja. Kitendo chenyewe hushtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu: shambulio, uchomaji, mauaji, uharibifu wa mali. Kanuni hiyo pia inaharamisha kuharibu mahali pa ibada kwa nia ya kuitukana dini, kuvuruga mkusanyiko wa ibada, na kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini.

Maneno ya kikabila yana sheria yake. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ambapo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyounda tume ya NCIC. Kifungu cha 13 kinakataza matamshi, maandishi na michezo yenye vitisho au matusi inayokusudia kuchochea chuki ya kikabila. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 62, kuhusu dharau ya kikabila au ya rangi, kinafikisha kifungo hadi miaka 5. Na anayejitetea kwa uhuru wa kusema, Katiba ya 2010 imeshamjibu: ibara ya 33 inasema uhuru huo hauhusu matamshi ya chuki wala uchochezi wa fujo.

Likoni, Agosti 1997

Wapwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Usiku wa Agosti 13, 1997, kundi la vijana wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha kivukoni. Askari sita waliuawa na bunduki zaidi ya 40 zikaibwa. Kisha wavamizi wakageukia watu kutoka bara: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Nyumba na vibanda vilichomwa. Vijikaratasi vilisambazwa kuwaambia watu waondoke. Mamia walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni, na huko nako wakashambuliwa. Ghasia hizo zilipokwisha kusambaa Pwani Kusini, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa na takriban 100,000 wamehama makwao.

Jaji Akiwumi aliongoza tume ya kuchunguza mapigano ya kikabila nchini. Ripoti yake ilikamilika 1999, lakini umma haukuiona hadi 2002. Jambo lililowaumiza wengi ni hili: habari za vijana kula viapo na kufanya mazoezi msituni huko Kwale zilikuwa zimewafikia maafisa wa usalama kabla ya usiku ule. Kengele ilipigwa, na aliyepaswa kuamka hakuamka.

Kosa la pili lilifuata. Polisi walipojibu, walijibu kwa misako ya jumla. Wapwani wengi walikamatwa kwa kuwa walikuwa vijana na walikuwa wa jamii fulani, na mashirika ya haki za binadamu yalirekodi visa vya mateso. Kwa hivyo Mluo wa Likoni hakulindwa, na Mdigo asiye na hatia naye akaumizwa kwa jina la kumlinda Mluo. Nani alibaki akiamini polisi?

Ukiyaweka makosa hayo mawili pamoja, unapata kipimo cha mpango wowote wa polisi: je, unasikia mapema, na je, unamlenga mtenda kosa badala ya jamii yake?

Kujipanga kabla

Chuki haianzi na panga. Huanza na neno, likafuata kijikaratasi, alama mlangoni, ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, hotuba ya mwanasiasa, halafu jiwe la kwanza. Kila hatua inampa polisi nafasi ya kuzuia ile inayofuata. Mpango mzuri una mambo manne.

La kwanza ni kusikia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka kuwe na kamati za ulinzi wa kijamii, ambamo raia na polisi hukaa meza moja. Nyumba Kumi, iliyoanza 2013, inapaswa kuleta habari kutoka mlangoni hadi kwa chifu na kituoni. Hapa ndipo pana tatizo: mtoa habari akiona jina lake limerudi mtaani kabla yeye hajafika nyumbani, hatarudi tena. Afisa anayelinda siri ya mama muuza mboga ana thamani kuliko gari jipya la doria.

La pili ni kupima hatari. Kamati ya usalama ya kaunti huongozwa na Kamishna wa Kaunti, na ile ya kaunti ndogo na naibu wake. Katika Kaunti Ndogo ya Nyali, iliyo na Kongowea, maswali ya kujiuliza yanajulikana: ni sehemu gani za soko zinazoweza kuwaka kwanza? Kuna mgogoro wa ardhi au wa vibanda unaoanza kuvaa nguo za ukabila? Uchaguzi, hukumu kubwa ya mahakama au kifo cha kiongozi wa dini kitapokelewaje?

La tatu ni kuzungumza na watu sahihi kabla ya siku mbaya: maimamu na wachungaji, wazee wa mtaa, viongozi wa soko, wasimamizi wa bodaboda na matatu. Uvumi husafiri kwa bodaboda haraka kuliko kwa redio, na mtu mwenye kuaminiwa akiukata katikati, unakatika.

La nne ni kujua nani atafanya nini. Doria ya ziada ikae wapi? Waathiriwa wapelekwe wapi? Nani atazungumza na wanahabari? Mambo haya hayapangwi moto ukiwa umeshawaka.

Tukio likitokea

Tuseme mwenye banda amefika asubuhi na kukuta mlango umevunjwa, na ukutani pameandikwa kabila lake na neno "ondoka". Akienda kituoni, afisa anaweza kuandika "uharibifu wa mali" akamaliza. Ameandika kweli, lakini ameacha nusu ya kweli.

Nia isipoandikwa mwanzoni, huenda isiandikwe kabisa. Mpelelezi hataipiga picha ile alama ya ukutani kabla haijapakwa rangi. Hatauliza kama jirani wa kabila hilo hilo naye ametishwa. Kiongozi wa mashtaka ataona faili ya mlango uliovunjwa. Na kamanda akitazama orodha ya mwezi, ataona visa vitano vya "uharibifu" bila kujua kwamba vyote vimelenga watu wa aina moja.

Uingereza ilijifunza hilo kwa uchungu. Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa London Aprili 22, 1993, na polisi wakaharibu uchunguzi. Ripoti ya Macpherson ya 1999 ilipendekeza kanuni rahisi: tukio lichukuliwe kuwa la ubaguzi ikiwa mwathiriwa au mtu mwingine yeyote anaamini ni la ubaguzi. Kanuni hiyo haimtii mtu hatiani, kwa kuwa hatia bado huthibitishwa mahakamani. Inamlazimisha polisi kuandika na kuchunguza jambo hilo. Kituo chochote hapa kinaweza kufanya hivyo leo bila kungoja sheria mpya.

Baada ya kuandika, kazi ni kulinda eneo la tukio, kuhoji mashahidi mmoja mmoja, kupeleka majeruhi hospitali, na kuwatembelea wale wengine wanaoweza kulengwa. Katika kesi za maneno, tafsiri ni muhimu. Fumbo la Kimijikenda au la Kiswahili cha mtaani laweza kuwa tishio kubwa, na hakimu hatalielewa pasipo mtu wa kulieleza. Ushahidi wa simu nao huhitaji cheti kinachoeleza ulivyotolewa kwenye kifaa, kwa hivyo simu yenyewe ni bora kuliko picha iliyosambazwa mara kumi.

Msako wa jumla si jibu

Kisauni na Mombasa kwa jumla zina kumbukumbu ya karibu zaidi. Oktoba 2013, baada ya Sheikh Ibrahim Omar kuuawa, vijana wenye hasira walichoma kanisa la Salvation Army huko Majengo. Machi 23, 2014, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi waumini wakiwa kanisani Likoni. Novemba mwaka huo, polisi walivamia misikiti ya Musa na Sakina, na usiku huo genge likawashambulia wapita njia Kisauni kwa silaha za makali, wakauawa watu wasio na kosa lolote.

Hakuna hasira inayohalalisha kumchoma kisu mpita njia. Hata hivyo, mpango wa polisi unaoihesabu dini au jamii nzima kuwa mshukiwa unawapa wachochezi hotuba ya bure. Katiba inataka aliyekamatwa aelezwe sababu na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kufuata hilo hakumfanyi polisi kuwa mnyonge. Jirani akiona aliyekamatwa ni fulani kwa kosa fulani, si vijana wote wa mtaa, siku nyingine atatoa habari.

Raia adai nini?

Ukishambuliwa au kutishwa kwa sababu ya asili au dini yako, fanya yafuatayo:

- Piga 999 au 112 ikiwa hatari ipo sasa hivi.
- Kituoni, sema wazi kwamba unaamini ulilengwa kwa kabila au dini yako, na utaje maneno yaliyotumika jinsi yalivyosemwa. Omba yaandikwe katika taarifa yako.
- Usiondoke bila nambari ya OB. Ukiwa umeumia, omba fomu ya P3, ambayo ni bure.
- Usifute ujumbe wa vitisho wala usiusambaze. Hifadhi simu iliyoupokea.
- Habari za siri unaweza kuzipeleka kwa DCI kupitia 0800 722 203 bila malipo. Uchochezi wa kikabila pia waweza kuripotiwa kwa NCIC.
- Polisi wakikataa kuandika, au wao wenyewe wakikutendea kwa ubaguzi, mamlaka ya IPOA hupokea malalamiko kupitia nambari 1559.

Shahidi anayehofia maisha yake anaweza kuomba ulinzi wa serikali. Mwathiriwa naye, chini ya sheria ya 2014 ya ulinzi wa waathiriwa, ana haki ya kuelezwa kesi yake imefika wapi.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na tunajua ni wakati gani maneno "mwenyeji" na "mgeni" huanza kunolewa. Polisi wana wajibu wa kusikia na kuchukua hatua. Sisi nasi tuna wajibu wa kusema mapema, hata kama anayenoa neno hilo ni mtu wetu. Mwaka 1997 waliojua walikuwa wengi. Waliohitajika ni wachache tu wa kuchukua hatua kwa wakati, na hilo bado linawezekana Kongowea.