Ni Msimu Upi Uandikwe Kwenye Kikombe?

Ndugu zangu tuliosoma hapa zamani, nanyi wadogo zetu mnaosoma sasa,

Katika mkutano wetu uliopita tulikubaliana kwa kauli moja kwamba chama chetu kinunue kikombe cha kushindaniwa katika mbio za nyika za shule. Fedha zilipatikana siku ile ile. Ubishi ulianza pale mwenyekiti alipouliza ni maneno gani yachorwe kwenye kitako chake. Tulitaka jina moja la mkimbiaji wa Tanzania na mwaka mmoja, yaani mwaka ambao Mtanzania huyo alikimbia vizuri kuliko mwenzake yeyote katika mwaka wowote. Wazee wetu walisema Filbert Bayi, 1974. Sisi wa rika la kati tukasema Juma Ikangaa, 1989. Wanafunzi waliokuwa wakituandalia chai wakathubutu kusema Alphonce Simbu, 2025. Tuliachana usiku bila kuafikiana, nami nikapewa kazi ya kuliandika jambo hili ili kila mmoja alipime kabla ya kupiga kura.

Nianze na wanafunzi, maana wao ndio walionionyesha njia ya kulijadili. Vijana wale walikuwa wametoka kucheza mpira wa kikapu, na huko wana mabishano yao kuhusu wachezaji wakubwa wa Marekani. Mmoja alimtetea Wilt Chamberlain, ambaye katika msimu wa 1961-62 alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa kila mchezo, na tarehe 2 Machi 1962 akafunga pointi 100 katika mchezo mmoja. Mwenzake akamjibu kwamba ubingwa wa msimu huo ulikwenda kwa Boston Celtics, na tuzo ya mchezaji bora akapewa Bill Russell wa timu hiyo hiyo. Wa tatu akamleta Michael Jordan. Msimu wa 1987-88 Jordan alifunga wastani wa pointi 35, akawa mchezaji bora wa ligi na pia mlinzi bora, lakini Chicago haikufika fainali. Msimu wa 1995-96 wastani wake ulipungua, lakini timu ilishinda michezo 72 kati ya 82 na kutwaa ubingwa. Je, msimu bora ni ule wa hesabu kubwa, au ule wa ushindi?

Swali hilo ndilo letu pia, isipokuwa mkimbiaji hana michezo 82 ya kujirekebisha. Mkimbiaji wa marathoni hukimbia mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Akiugua wiki moja, mwaka umekwisha. Kwa hiyo napendekeza tupime mambo matatu: alishindana na nani, alishindaje, na mwaka wake wote ulikuwaje. Hilo la tatu naomba lisisahauliwe, kwa kuwa tumeulizwa juu ya mwaka, wala hatukuulizwa juu ya siku moja.

Tuwape wazee wetu nafasi ya kwanza. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu alisimama kwenye mstari wa mita 1500. Desturi ya mbio hizo ilikuwa kufuatana na kuviziana hadi mzunguko wa mwisho, kisha mwenye kasi anachomoka. Bayi hakumngoja mtu. Alitoka mbele tangu mwanzo, akaongoza mizunguko yote, na John Walker alipomfukuza mbele ya watu wa nchi yake hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya zamani ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3:33.1, tangu 1967. Hata Walker aliyeshika nafasi ya pili aliivunja rekodi hiyo, na wa tatu, Ben Jipcho wa Kenya, aliikosa kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rekodi ya Bayi ilikaa hadi Sebastian Coe alipoivunja mwaka 1979. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilidumu miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipokimbia kwa kasi zaidi mjini Birmingham mwaka 2022.

Sijui mbio nyingine ya Mtanzania inayoweza kuwekwa kando ya hiyo. Lakini tuutazame mwaka. Katika michezo hiyo hiyo Bayi alikimbia pia mita 800, akawa wa nne. Ushindi wake mwingine mkubwa haukuwa mwaka 1974. Alimshinda Kipchoge Keino katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Januari 1973. Alivunja rekodi ya dunia ya maili mjini Kingston, Jamaika, tarehe 17 Mei 1975, kwa dakika 3:51.0, na Walker akaipunguza tena kabla mwaka haujaisha. Kama Lagos, Christchurch na Kingston zingeangukia mwaka mmoja, kamati isingekuwa na la kujadili. Na mwaka 1976, ambao dunia nzima ilikuwa ikingoja Bayi na Walker wakutane Montreal, nchi yetu ilisusia Olimpiki pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker alichukua dhahabu. Mimi ni mtumishi wa serikali na naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki, lakini haki nayo ina gharama, na sehemu ya gharama ile ililipwa na miguu ya kijana mmoja.

Kabla sijafika kwa Ikangaa, niwakumbushe watu wawili ambao hatukuwataja usiku ule. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, na mita 10,000 mjini Brisbane mwaka 1982. Suleiman Nyambui, mwaka 1980, alipata medali ya fedha ya mita 5000 katika Olimpiki ya Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na mwaka huo huo akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mbio za nyika. Medali hiyo na ile ya Bayi ya kuruka viunzi na maji, mita 3000, hapo hapo Moscow, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Mwaka wa Nyambui ni mzito. Mwenye kutaka kuutetea namkaribisha.

Sasa Ikangaa. Nikiri mapema kwamba hapa mimi si hakimu asiye na upande. Ikangaa ni mzaliwa wa Dodoma. Mwaka 1989 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mjini humu, na asubuhi kwenye mchakamchaka kila mmoja wetu alijiita Ikangaa, tukavumbisha vumbi la barabara mpaka mwalimu wa zamu akatufokea. Mwanajeshi yule alikuwa na tabia kama ya Bayi: akishika mbele, hakujificha. Mjini Brisbane mwaka 1982 aliongoza muda mrefu, akashindwa na Rob de Castella kwa sekunde 12. Boston mwaka 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, saa 2:08:44 kwa saa 2:08:43. Aprili 1989 alirudi Boston, akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye, tarehe 5 Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2:08:01, akawaacha wenzake kwa zaidi ya dakika moja. Hakuna aliyekuwa amekimbia njia ile kwa kasi hiyo, na rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2001.

Kwa miaka mingi niliamini huo ndio msimu bora. Una kushindwa ndani yake na una kurekebisha, na kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya msimu. Chakula cha Aprili kilipoharibika, mpishi hakuzima moto.

Ndipo likaja hili la Simbu. Yeye naye ni mtu wa uwanda huu wetu wa kati, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, na mwanajeshi kama Ikangaa. Aprili 2025 alikimbia Boston, akawa wa pili kwa saa 2:05:04, nyuma ya John Korir wa Kenya. Niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu ofisini: mtu wa kati, mwanajeshi, Boston, Aprili, wa pili. Nikasema huyu ameamua kuturudishia mwaka 1989.

Tarehe 15 Septemba 2025 alisimama kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, asubuhi yenye joto na unyevu mwingi. Ushindi uliamuliwa uwanjani, kwenye mita za mwisho. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele. Simbu alimfikia pale mstarini, wote wawili wakarusha vifua, na ikabidi picha ichunguzwe ndipo mshindi ajulikane. Wote waliandikiwa saa 2:09:48. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Siku moja kabla, fainali ya mita 100 ya wanaume katika uwanja huo huo ilikuwa imeamuliwa kwa sekunde 0.05. Yaani watu waliokimbia kilomita 42 walikaribiana kuliko waliokimbia mita 100! Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha tangu yaanze mwaka 1983.

Wenzangu wa rika la kati watasema: saa 2:09:48 ni polepole kuliko 2:08:01 ya Ikangaa. Ni kweli, lakini hesabu za vipindi tofauti hazilinganishwi hivyo. Viatu vya siku hizi si vile vya 1989, na mbio za ubingwa kwenye joto hazikimbiwi kwa kushindana na saa. Tukipima kwa saa peke yake tutakuwa tumempa Chamberlain kura bila kuuliza kombe lilikwenda wapi. Wengine watasema sekunde 0.03 ni bahati tu. Hapo nakubali nusu. Ikangaa aliikosa Boston mwaka 1988 kwa sekunde moja, na hakuwa mkimbiaji mdogo kwa ajili hiyo. Lakini kuwa mbele au nyuma kwa nchi moja ni bahati. Kufika kwenye mita kumi za mwisho ukiwa bado na nguvu ya kujirusha, baada ya saa mbili za joto, si bahati.

Nikirudi kwenye vipimo vyangu vitatu, naona hivi. Kwa namna ya kukimbia, Bayi yuko peke yake, na mbio ya Christchurch ndiyo mbio bora iliyowahi kukimbiwa na Mtanzania. Ikangaa alitupa miaka kumi ya kutoogopa kushika mbele, na 1989 ilikuwa kilele chake. Lakini tukiulizwa mwaka, tangu Aprili hadi Septemba, Simbu alipata nafasi ya pili katika moja ya marathoni kubwa kabisa duniani, kisha taji ambalo Watanzania walikuwa wakilitafuta kwa zaidi ya miaka 40. Bayi hakuwahi kulipata, kwani katika miaka yake mashindano hayo hayakuwapo. Ikangaa pia hakuwahi.

Imeniwia vigumu kuandika hivyo. Mtoto yule wa mchakamchaka bado yumo ndani yangu, naye anapiga kelele jina la Dodoma. Lakini kikombe si cha kututuliza sisi. Kitashikwa na vijana wa leo, ambao waliona picha ya Tokyo kwa macho yao wenyewe na wanajua kwamba aliyeshinda alikulia si mbali na hapa.

Kura yangu ni Simbu, 2025. Kura itapigwa Jumamosi asubuhi, kabla ya mbio. Mwenye hoja nzito zaidi aje nayo, aje na tarehe na hesabu zake, nami nitaisikiliza. Wanafunzi nao waruhusiwe kupiga kura. Safari hii sisi ndio tuwaandalie chai.