Nyuzi Kumi, Pedali Tatu: Historia ya Tyuni ya E9

Kuna sauti moja ambayo yeyote aliyelelewa na redio hapa Kenya anaijua, hata kama hajui jina la chombo kinachoitoa. Ni ule mlio unaopanda na kuteremka nyuma ya nyimbo za kantri za akina Don Williams, kama mtu anayelia kwa adabu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni fidla. Baadaye nikadhani ni kinanda. Kumbe ni gitaa la stili lenye pedali: gitaa linalolazwa juu ya miguu kama meza, na mpigaji huketi nyuma yake akifanya kazi kwa mikono miwili, miguu miwili na magoti mawili.

Juzi nilianza kuandika programu ndogo ya kujifurahisha. Unaipa tyuni ya gitaa hilo, yaani noti ambayo kila uzi umefungwa, pamoja na kazi ya kila pedali, nayo inakupa orodha ya kordi zote unazoweza kupata. Nikaingiza nyuzi kumi za tyuni inayoitwa E9, kuanzia uzi wa 1 hadi wa 10:

F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B

Nikatazama, nikaona kosa. Uzi wa 1 na wa 2 una sauti ya chini kuliko uzi wa 3! Kwenye gitaa la kawaida nyuzi hupangwa kwa utaratibu, nyembamba hadi nene. Nikasema aliyeandika orodha hii alikuwa na usingizi. Nikaongeza mstari mmoja wa msimbo wa kuzipanga upya kutoka juu kwenda chini, nikaendesha programu.

Majibu yalikuwa takataka. Pedali ya pili inatakiwa ivute uzi wa 3 na wa 6, G# ziwe A. Lakini baada ya "marekebisho" yangu uzi wa 3 ulikuwa E, kwa hiyo programu ikauvuta ukawa F. Nilitumia jioni nzima nikimtafuta mdudu kwenye hesabu, na mdudu alikuwa mimi. Ule mpangilio haukuwa kosa. Ulikuwa historia.

Kabla ya pedali

Tuanzie Hawaii. Mwishoni mwa karne ya 19 kijana mmoja wa kisiwa cha Oahu, Joseph Kekuku, aliacha kubana nyuzi kwa vidole na badala yake akatelezesha kipande cha chuma juu yake. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mvumbuzi wa mtindo huu. Mwaka 1904 alihamia bara ya Marekani, na baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915 muziki wa Hawaii ulienea nchi nzima. Miaka ya 1930 ilipoanza, gitaa hili lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kutiwa umeme.

Lakini chuma kina tatizo. Ni kimenyooka. Vidole vinaweza kubana kila uzi mahali pake, ilhali chuma hukanyaga nyuzi zote kwenye mstari mmoja. Ukifunga nyuzi zako katika kordi ya E meja, basi ukisogeza chuma unapata F meja, G meja, A meja, hivyo hivyo hadi mwisho. Unataka maina? Utatafuta vipande vipande. Ndiyo maana kwa wapigaji hawa tyuni haikuwa jambo dogo. Ukichagua tyuni umechagua ni nini utaweza kusema na ni nini hutaweza.

Suluhisho la kwanza lilikuwa la nguvu tu: shingo zaidi. Kama tyuni moja haitoshi, jenga gitaa lenye shingo mbili, tatu, hata nne, kila moja na tyuni yake. Wenzangu mnaoandika programu mnaijua tabia hii. Msimbo hautoshi hali mpya, unaunakili wote kando na kubadilisha kidogo.

Pedali zinaingia

Suluhisho la pili lilikuwa la ufundi. Kufikia mwaka 1940 kampuni ya Gibson ilikuwa na gitaa liitwalo Electraharp, lililohusishwa na mpigaji Alvino Rey. Unakanyaga pedali, nyuzi fulani zinakazwa na tyuni inabadilika. Vita vya Pili vya Dunia vikasimamisha kazi hiyo. Baada ya vita fundi Paul Bigsby wa California akawa anajenga magitaa ya pedali moja moja kwa oda. Speedy West alilipata lake mwaka 1948.

Hata hivyo wengi waliitumia pedali kama gia ya gari. Unabadilisha, kisha unaendelea. Haikukusudiwa isikike.

Halafu akaja Bud Isaacs. Mwishoni mwa 1953, huko Nashville, alipiga katika rekodi ya Webb Pierce iitwayo Slowly. Yeye alikanyaga pedali huku nyuzi zikiwa bado zinalia. Nyuzi mbili zikapanda ndani ya kordi, nyingine zikabaki palepale. Chuma peke yake hakiwezi kufanya hivyo, kwa sababu kikisogea kila kitu kinasogea nacho. Wimbo ulitoka 1954 ukakaa nambari moja kwenye chati ya kantri ya Billboard kwa majuma 17.

Fikiria uko Nashville mwaka huo na wewe ni mpigaji hodari wa gitaa la stili lisilo na pedali. Umetumia miaka yako kujifunza, na ghafla kila mwimbaji anataka ule mlio mpya. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Santuri moja iliamua. Wengi walibadilika. Jerry Byrd, bingwa aliyesifiwa kwa usafi wa sauti yake na kwa tyuni ya C6, hakutaka pedali. Miaka ya 1970 alihamia Hawaii na kufundisha gitaa la zamani palepale lilipozaliwa. Sanaa yake haikufa, ila soko la Nashville lilikuwa limeshahama.

Biti mbili

Pedali ya Isaacs ilikuwa na upungufu mmoja. Ilivuta jozi zote mbili kwa pamoja: B iwe C#, na G# iwe A. (Hapa C# ni noti, si lugha ya programu.) Ama zote ama hakuna. Biti moja.

Kati ya miaka ya 1950 vijana wawili, Buddy Emmons na Jimmy Day, waliigawa. Pedali A ikavuta B tu, pedali B ikavuta G# tu. Sasa tuna biti mbili, na kila mtu wa kompyuta anajua maana yake: hali nne. Nyuzi zikiwa wazi, hesabu ni hii:

Hakuna pedali: E, G#, B. Ni E meja.
Pedali A peke yake: E, G#, C#. Ni C# maina.
Pedali B peke yake: E, A, B. Kordi inayoning'inia, inayosubiri kutua.
A na B pamoja: E, A, C#. Ni A meja.

Hapo chuma hakijasogea hata kidogo. Meja, maina, msubirio na mtuo, vyote mahali pamoja. Sehemu kubwa ya kilio cha kantri ni kifundo cha mguu kinachopita kati ya hali hizi nne.

Lakini Emmons na Day hawakuzipanga sawa. Emmons aliweka A kushoto kabisa, na pedali ya tatu ilipokuja mpangilio wake ukawa A, B, C. Wa Day ni kinyume: C, B, A. Pedali B iko katikati kwa wote wawili, mengine ni kama kioo. Majina hayakubadilika, kwa hiyo pedali A ya Day iko kulia. Jina si anwani. Na mguu ukishazoea upande mmoja, kuuhamisha ni kujifunza kutembea upya. Zaidi ya miaka 60 baadaye magitaa bado yanaagizwa kwa majina hayo mawili, na mara nyingi tofauti ni nani alikuwa mwalimu wako.

Kwa nini nyuzi zimevurugika

Sasa turudi kwenye mdudu wangu. Ralph Mooney ndiye anayetajwa kwa kuongeza ile G# ya juu. Kisha mwaka 1962 Emmons akaongeza F# na D#, ili aweze kupiga ngazi ya noti bila kukimbizana na chuma. Kwa utaratibu wa sauti zingewekwa katikati: F# kati ya G# na E, D# baada ya E. Lakini hebu ona hasara yake. Dole gumba na vidole viwili vilikuwa vimeshazoea kuchukua G#, E na B zikiwa jirani. Ukiingiza nyuzi katikati umevunja kila kordi ambayo mkono unaikumbuka. Zikawekwa nje, upande wa mbele. Kazi mpya ikaongezwa na ya zamani haikuguswa.

Mimi na mstari wangu mmoja nilikuwa nimeivunja kwa sekunde moja.

Nyenzo za magoti nazo ziliongezeka. Mmoja hupandisha E iwe F. Ukishika pedali A pamoja na wenzo huo unapata F, G# na C#, yaani C# meja. Kwa hiyo G meja unaipata freti ya 3 bila pedali, freti ya 6 kwa A na wenzo, na freti ya 10 kwa A na B. Milango mitatu ya nyumba moja. Jedwali zima la nyuzi, pedali na nyenzo lina jina lake, kopedenti, neno lililobuniwa na Tom Bradshaw. Ni faili la mipangilio, tena linalobebwa kwa miguu.

Uchague ipi?

Wapo wanaopenda shingo mbili, E9 kwa kantri na C6 kwa jazi na swingi. Wapo waliounganisha zote kwenye shingo moja ya nyuzi 12, kama alivyofanya Maurice Anderson. Wala usidhani chombo hiki ni mfungwa wa Nashville. Sikiliza Juju Music ya King Sunny Adé wa Nigeria, ya mwaka 1982, usikie Demola Adepoju anavyokiimbisha.

Kwa anayeanza ningesema: E9, pedali tatu, nyenzo nne, na mpangilio wa yule aliye karibu nawe anayeweza kukusahihisha. Kama hakuna, chukua wa Emmons kwa sababu ndio walio nao wengi, na ndio utakaoukuta katika masomo mengi. Chuma na vyuma vya ndani fundi anaweza kuvihamisha baadaye. Mguu hauna fundi.

Programu yangu sasa inafanya kazi. Nimefuta ule mstari wa kupanga, na mahali pake nimeacha maelezo mafupi kwa yeyote atakayefungua faili hilo baada yangu: nyuzi ziko sawa, usizipange.

Wikendi njema.