Kuchelewa Si Kitu Kimoja

Wasee, mwaka jana nilipigwa faini ya chama mara tatu mfululizo. Doo nilikuwa nayo. Nilisahau tu. Chama chetu hukutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na kalenda ya simu niliyokuwa natumia (jina siitaji) ilipiga kengele, nikaizima nikiwa katikati ya kukata video, ikanyamaza. Jumatatu haikuwa na neno. Kwake yeye mkutano ulishapita, basi.

Nikajiuliza: nani aliamua kwamba kitu kikipitwa na saa yake kimeisha? Mimi niliacha chuo, lakini swali hili nimelisomea usiku kuliko mtihani wowote.

Anza 1979. Toleo la 7 la Unix kutoka Bell Labs, Marekani, lilikuja na programu ndogo inayoitwa cron. Unaiandikia mstari mmoja: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki, halafu amri. Ukiweka nyota mahali pa namba, unamaanisha "kila". Seva kibao bado zinaendeshwa hivyo. Lakini cron ilitengenezewa mashine isiyolala. Kompyuta ikiwa imezimwa saa ile, kazi imeenda hivyo. Stima ikipotea mtaani kwetu, cron haitarudi kukuuliza.

Mwaka wa 1998 kikaja kiwango cha iCalendar, ambacho kalenda nyingi za simu bado zinaelewana kwacho. Humo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi inaandikwa FREQ=MONTHLY;BYDAY=1SU. Chama changu kinaingia hapo sawasawa. Ila tukio la kalenda linajua tu linaanza lini na linaisha lini. Kama ulienda au ulilala, shauri yako.

Sasa twende Amsterdam, 2003. Carsten Dominik, mwanaastronomia anayechunguza vumbi linalozunguka nyota changa na jinsi linavyogeuka kuwa sayari, alitaka kupanga kazi zake bila kutoka kwenye Emacs, kihariri cha maandishi kilichozaliwa MIT mwaka wa 1976. Akaandika Org. Ni faili ya maandishi matupu. Mstari ukianza na nyota ni kichwa cha habari. (Nyota hizo alizikuta tayari kwenye Emacs, lakini kwa mtu wa kazi yake, inapendeza.) Emacs 22 ilipotoka 2007, Org ilikuwa ndani.

Kilichonishika ni alama tatu ambazo unaandika kando ya tarehe. Ukiweka +1m, kila ukitia tiki, tarehe inasogea mwezi mmoja tu, hata kama umechelewa mitatu. Hiyo ni kodi ya nyumba. Nilipotoka chuo nilidaiwa keja miezi mitatu, na hakuna kalenda ya kuirusha hiyo: unalipa, unatia tiki, mstari bado uko nyuma unakutazama. Ukiweka ++1w, tarehe inaruka hadi wiki ijayo, siku ileile. Hiyo ni simu ya mathe kila Jumapili. Nikikosa Jumapili tatu, simpigii mara tatu; nampigia mara moja na nitukanwe mara moja. Ya mwisho, .+3w, inahesabu kuanzia siku uliyofanya. Hiyo ni kinyozi. Nywele hazijui tarehe.

Yaani kuna deni, kuna miadi, na kuna mazoea, na kila moja lina namna yake ya kuchelewa. Miaka yote nilikuwa nimeyatupa kwenye kengele moja.

Chama ndicho kilinisumbua. Jumapili ya kwanza haina tarehe maalum, kwa hivyo alama hizo haziifikii. Unaandika %%(diary-float t 0 1). Hiyo sifuri ndiyo Jumapili. Sisi ambao wiki yetu inaanza Jumamosi tungeandika mbili, lakini hatukuulizwa. Halafu mstari wa namna hiyo hauwezi kuutia tiki ukasogea mwezi ujao. Nilikasirika siku mbili hivi kabla ya kuona kwamba nilikuwa nimebana vitu viwili pamoja. Mkutano ukiukosa umeisha. Mchango haujaisha, unadaiwa. Sasa ni mistari miwili: mkutano una sifuri yake, mchango una +1m.

Na msidhani nimeokoka. Org yenyewe haipigi kengele. Usipofungua ajenda, iko kimya kama daftari. Mimi naifungua kabla ya chai. Leo asubuhi kinyozi amebakisha siku nne, mathe ni kesho, chama niko sawa. Mstari wa nyumba bado uko mwezi mmoja nyuma, na mwenye ploti amesema anapitia jioni.