Juisi ya Machungwa na Kikombe cha Kahawa: Mgahawa Upi Unastahili Fedha Yako?

Mwishoni mwa muhula uliopita, wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu walichanga fedha za chakula cha pamoja cha kuagana. Mabishano yakazuka. Wengine walitaka kuku wa mgahawa mmoja wenye matawi katika nchi nyingi, wengine wakasema bei zake ni za kukomoana, wengine wakapendekeza mgahawa mwingine wa aina hiyo hiyo ambao, kwa maneno yao, "angalau chipsi zake hazinyauki." Mwishowe wakanigeukia: "Mwalimu, katika migahawa hii ya matawi, ni upi hasa unaostahili fedha zetu?" Nilitaka kucheka, lakini nikamwona binti mmoja aliyeketi nyuma, kimya muda wote. Baadaye nilipata kujua kwamba mwishoni mwa juma yeye huhudumu katika mgahawa wa namna hiyo, bila mkataba wa maandishi, na kwamba ujira wake wa siku nzima haununui sahani moja ya chakula anachowapelekea wateja. Makala haya ni jibu langu kwa wenzake, na kwa kiasi fulani yameandikwa kwa ajili yake.

Tuanze kwa kuitendea haki migahawa yenyewe. Kitu ambacho mgahawa wa matawi humuuzia mteja, kabla ya kuku na kabla ya kahawa, ni uhakika. Kampuni ya White Castle ilipoanza mjini Wichita, Marekani, mwaka 1921, iliuza hambaga kwa senti 5 katika vibanda vyeupe pe, kwa sababu wananchi wa wakati ule walikuwa na hofu kubwa juu ya usafi wa nyama ya kusaga. Weupe wa kuta ulikuwa ahadi: hapa hutadhurika, na ukienda tawi jingine utakuta yale yale. Kwa msafiri aliyezoea kula kwa kubahatisha, hilo halikuwa jambo dogo. Msomi anayeibeza haja hiyo huenda hajawahi kuharisha akiwa safarini.

Lakini uhakika huo ni wa nani, na juu ya nini? Ili kulijibu swali hilo, nawaomba turudi nyuma hadi Oktoba 1957, kwani katika mwezi huo yalitokea mambo mawili, katika mabara mawili, yanayotufundisha namna ya kuupima mgahawa.

La kwanza lilitokea Marekani. Katika miaka hiyo, mfalme wa migahawa ya barabarani alikuwa Howard Johnson's. Mwanzilishi wake alianza na duka dogo huko Quincy, Massachusetts, mwaka 1925, na kuanzia mwaka 1935 akaanza kuwakodisha wengine jina lake kwa masharti kwamba watauza vitu vyake na kufuata utaratibu wake. Paa la rangi ya chungwa lilionekana kutoka mbali, na ndani mlikuwa na aiskrimu ya ladha 28. Kampuni ilikuwa na mwongozo ulioeleza kwa undani jinsi kila kitu kinavyopaswa kufanyika, toka jikoni hadi mezani.

Mapema mwezi huo, Komla Agbeli Gbedemah, Waziri wa Fedha wa Ghana, alisimama katika tawi mojawapo mjini Dover, jimbo la Delaware. Ghana ilikuwa na miezi 7 tu ya uhuru. Aliyefuatana naye alikuwa katibu wake, Bill Sutherland, Mmarekani mweusi ambaye baadaye aliishi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Waliagiza juisi ya machungwa. Wakauziwa, lakini wakaambiwa wakainywee nje, kwa kuwa watu weusi hawaruhusiwi kuketi ndani. Waziri alijitambulisha, haikusaidia. Akaiacha juisi aliyokwisha kuilipia, akaondoka, na habari zikafika magazetini. Aliwakumbusha waandishi kwamba Makamu wa Rais wa Marekani, Richard Nixon, alikaribishwa chakula nyumbani kwake alipokwenda Ghana kuhudhuria sherehe za uhuru.

Tarehe 10 Oktoba, Rais Eisenhower alimwalika Gbedemah kupata kifungua kinywa Ikulu ya Marekani. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Mwezi uliotangulia, askari wa serikali kuu walikuwa wamepelekwa Little Rock kuwalinda wanafunzi weusi waliokuwa wakizuiwa kuingia shuleni, na siku 6 kabla ya kifungua kinywa hicho Urusi ya Kisovieti ilikuwa imerusha Sputnik. Marekani ilikuwa ikigombea mioyo ya mataifa mapya, na mgahawa mmoja wa barabarani ulikuwa umeiaibisha mbele ya dunia.

Jambo ninalotaka mlitazame si ukarimu wa Rais. Mgahawa uliokuwa na mwongozo wa kila kitu, ulioweza kuhakikisha kwamba aiskrimu ya Dover ni sawa na ya Quincy, uliliacha suala la nani aketi mezani lifuate desturi ya mahali. Kampuni iliweza kusawazisha chakula. Haikujishughulisha kuwasawazisha walaji. Wala kifungua kinywa cha Ikulu hakikuwabadilishia chochote mamilioni ya Wamarekani weusi ambao hawakuwa mawaziri.

Waliobadilisha walikuwa wa rika lenu. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi wa chuo kimoja cha North Carolina waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro. Woolworth nayo ilikuwa kampuni ya matawi, na iliwauzia weusi dawa za meno na madaftari bila kinyongo. Kiti cha kaunta tu ndicho ilichowanyima. Wakarudi kesho yake wakiwa wengi zaidi, na miji mingine ikafuata. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo kaunta hiyo ikafunguliwa kwa wote. Ukubwa wa kampuni uligeuka kuwa udhaifu wake: aibu ya tawi moja ilibebwa na matawi yote, na waliogoma Kusini waliungwa mkono na waliosimama na mabango mbele ya matawi ya Kaskazini. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikuja kukamilisha nchi nzima kazi ambayo wanafunzi walikuwa wameianza.

Tukio la pili la Oktoba 1957 lilitokea India. Tangu miaka ya 1930, taasisi ya kuendeleza zao la kahawa, iliyokuja kuwa Bodi ya Kahawa, ilikuwa ikiendesha migahawa ya kahawa mijini. Katikati ya miaka ya 1950 Bodi iliamua kuifunga, na wafanyakazi wakakabiliwa na kupoteza ajira. A. K. Gopalan, mbunge Mkomunisti kutoka Kerala, aliwapa ushauri ulioonekana wa ajabu: msiombe mwajiri mpya, undeni vyama vya ushirika muiendeshe migahawa wenyewe. Chama cha kwanza kiliundwa Bangalore mwezi Agosti 1957, na tarehe 27 Oktoba wahudumu wakafungua mgahawa wao mjini Delhi. Hadi mwisho wa mwaka 1958 miji mingine kadhaa ilikuwa imefuata, ikiwamo Thrissur, Nagpur na Kolkata. Leo Indian Coffee House ina matawi yanayokadiriwa kufikia 400, chini ya vyama vya ushirika zaidi ya kumi.

Sitaki kuupamba ushirika huo kupita kiasi. Huduma mara nyingi ni ya taratibu, viti vimechakaa, vyama vingine vimeandamwa na madeni, na kwa muda mrefu karibu wahudumu wote walikuwa wanaume. Lakini kikombe kilibaki cha bei nafuu, na mwanafunzi aliweza kukaa nacho saa nzima bila kufukuzwa. Tawi la College Street, Kolkata, limelea vizazi vya wabishani na waandishi. Na watawala walilitambua hilo kuliko wateja: mwaka 1976, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi, mgahawa wa Connaught Place mjini Delhi ulivunjwa, na wafanyakazi wakalazimika kuanza upya mahali pengine.

Mwaka huo huo wa 1976, nasi Tanzania tulivifuta vyama vikuu vya ushirika wa wakulima, kikiwamo cha kahawa cha Kilimanjaro kilichoandikishwa mwaka 1933. Viliruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, vikiwa vimepoteza mali na imani ya wanachama. Chama cha Kilimanjaro baadaye kilifungua mgahawa mjini Moshi, ambapo kahawa ya wanachama wake huuzwa ikiwa tayari kikombeni. Ni mgahawa mmoja tu, lakini unatuonyesha jambo ambalo sera zetu za kilimo hulisahau: mkulima anaweza pia kumiliki meza ambayo zao lake linanywewa.

Kinyume chake tulikiona kwa majirani zetu. Januari 2022, KFC nchini Kenya iliwatangazia wateja kwamba imeishiwa chipsi, kwa kuwa shehena ya viazi kutoka nje ilikuwa imechelewa. Hayo yalitokea katika nchi ambayo kiazi ni zao la chakula la pili kwa umuhimu baada ya mahindi, na ambamo kampuni hiyo ilikuwa imefanya biashara tangu mwaka 2011. Kampuni ilieleza kwamba viazi sharti vitoke kwa wauzaji waliothibitishwa kwa viwango vyake vya ubora. Wakenya waliitisha mgomo wa kuisusia, na haikuchukua muda kampuni ikasema itashirikiana na wakulima wa ndani. Viwango vya usafi ni halali, kama nilivyosema juu ya White Castle. Lakini miaka 10 na ushei ilitosha kumfundisha mkulima wa Nyandarua viwango hivyo, kama nia ingekuwapo. Nia ilipatikana wateja walipokasirika.

Basi jibu langu kwa wanafunzi ni hili. Onjeni kwa ulimi, kisha pimeni kwa maswali matatu: nani anaruhusiwa kuketi hapa, aliyelima amelipwa nini, na anayetuhudumia ana haki gani? Kwa swali la kwanza tumefika mbali tangu juisi ya Gbedemah, ingawa siku hizi bei hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na ngozi. Kwa mawili yaliyobaki, sijui mgahawa mkubwa wa matawi katika jiji letu ambao ningeupa alama za juu. Hilo si sababu ya kususia kila kitu. Greensboro haikususia tu. Ilikwenda kuketi na kudai.

Kwa wasomaji wangu walio maofisa wa kazi nina neno moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Migahawa hii haijajificha. Majina yake yanawaka taa usiku kucha. Ikaguliwe.

Na ninyi wanafunzi, ambao nasikia bado mmeng'ang'ania kuku: nendeni. Ila kabla ya kuagiza, mwiteni meneja na kumuuliza, kwa adabu na bila kutaja jina la mtu yeyote, kama wahudumu wake wote wana mikataba. Mko 43. Atawajibu.