Mtaguso wa Pili wa Vatikano

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ni mkutano wa 21 katika orodha ya mitaguso mikuu ya Kanisa Katoliki. Papa Yohane XXIII aliutangaza tarehe 25 Januari 1959 na kuufungua 11 Oktoba 1962 katika Basilika la Mtakatifu Petro. Alifariki Juni 1963. Paulo VI akauendeleza hadi ulipofungwa 8 Desemba 1965. Walihudhuria maaskofu zaidi ya 2,000 kutoka kila bara, akiwamo Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba.

Mtaguso ulitoa hati 16, lakini iliyomgusa kila muumini ni ile ya liturujia, iliyopitishwa 4 Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Kabla yake, Misa ilisomwa kwa Kilatini, padri akielekea altare, na sala nyingi zikisemwa kwa sauti ya chini. Waumini wengi walisali rozari zao hadi kengele ilipowaita kwenye mageuzo. Hati ilidai washiriki kwa akili na kwa sauti. Wengi husahau kwamba haikufuta Kilatini, wala haikumwagiza padri awageukie watu. Iliruhusu lugha za wenyeji, na mengine yakafuata upesi. Misale mpya ilitangazwa 1969, na masomo ya Dominika yakapangwa katika mzunguko wa miaka mitatu, hivyo Agano la Kale likaanza kusikika zaidi kanisani kuliko zamani.

Afrika Mashariki ilivuna mengi. Padri alianza kuadhimisha Misa nzima kwa Kiswahili, na ngoma na kayamba, vilivyokuwa vikitiliwa shaka, vikaingia kanisani. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo: majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, huwatembelea wagonjwa na kufariji wafiwa. Hapo ndipo fundisho la Mtaguso kwamba Kanisa ni Taifa la Mungu, wala si mapadri peke yao, linapoonekana kwa macho. Kongo nayo ilipata namna yake ya Misa, iliyoidhinishwa na Roma 1988.

Mtaguso ulitetea pia uhuru wa dini, ukakataa kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu, na ukatamka kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Kwa Wakatoliki wa pwani, wanaoishi mlango kwa mlango na Waislamu, tamko hilo lina uzito wa pekee.

Si wote waliokubali. Askofu mkuu Mfaransa Marcel Lefebvre aliyapinga mageuzi, na mwaka 1988 akawaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa. Roma ikatangaza kwamba ametengwa na Kanisa. Papa Benedikto XVI aliipa nafasi pana Misa ya zamani mwaka 2007. Fransisko akaibana tena mwaka 2021.