Mahali Patakatifu na Maneno Matakatifu juu ya Bendera za Wapalestina

Bendera ya taifa la Wapalestina haina picha wala neno. Ina milia mitatu ya kulala, mweusi, mweupe na wa kijani, pamoja na pembetatu nyekundu upande wa mlingoti. Lakini katika maandamano ya Gaza au ya Ramallah zimeonekana kando yake bendera nyingine za kijani, nyeusi na za manjano, zenye kuba, panga, bunduki na maandishi ya Kiarabu. Katika makala hii twakusudia kuuliza alama hizo zilitoka wapi, nazo zasema nini juu ya swali la nani ni mwenyeji wa taifa hilo. Swali hili lawagusa hasa Wakristo Wapalestina, na miongoni mwao wamo Walutheri wenye kanisa lao Yerusalemu.

1. Bendera za ziara na bendera ya uasi

Hapo kwanza vitambaa vyenye maneno ya dini vilikuwa vya ibada. Kila mwaka, karibu na siku za Pasaka, Waislamu wa Palestina walifanya ziara kwenda Nabii Musa, karibu na Yeriko. Watu wa Hebroni na wa Nablus waliingia Yerusalemu wakichukua bendera zao zilizotariziwa maneno matakatifu. Tarehe 4 Aprili 1920, chini ya utawala wa Waingereza, mkutano wa ziara hiyo uligeuka kuwa wa siasa, kisha ghasia zikazuka. Katika siku zile Wayahudi 5 na Waarabu 4 waliuawa. Hapo twaona kwamba bendera ya ibada yaweza kuwa bendera ya siasa bila kubadilishwa hata uzi mmoja.

Bendera ya taifa ina asili nyingine. Ilitokana na bendera ya uasi wa Waarabu ulioanzishwa mwaka 1916 na Sharifu Hussein wa Makka dhidi ya Waturuki. Kwa kawaida rangi zake hufasiriwa hivi: nyeusi ni ya Waabbasi, nyeupe ya Waumayya, kijani ya Wafatimi, na nyekundu ya Wahashimu. Hizo ni nasaba za watawala Waislamu, jambo lisilofichika. Hata hivyo ni kumbukumbu za historia ya Waarabu wote, wala si ungamo la imani. Mkristo Mwarabu aliweza kusimama chini yake pasipo kukana ubatizo wake.

2. Msalaba ndani ya mwezi mwandamo

Mwaka 1929 gazeti la Filastin, lililotolewa Yafa na Mkristo wa Kiorthodoksi, Isa al-Isa, lilichapisha mapendekezo ya wasomaji wake juu ya bendera ya nchi. Wengine walitaka rangi ya machungwa, kwa kuwa machungwa yalikuwa fahari ya Yafa. Wengine walichora msalaba ndani ya mwezi mwandamo, na alama hiyo ya dini mbili ilionekana tena katika uasi wa miaka ya 1936 hadi 1939.

Yatupasa kuipima alama hiyo kwa haki. Iliwaunganisha Waislamu na Wakristo, lakini haikuwa na nafasi kwa Myahudi. Tena mwaka 1929 ndio mwaka wa ghasia za Agosti, zilizoanza kwa ugomvi juu ya Ukuta wa Magharibi katika Yerusalemu. Wayahudi 133 na Waarabu 116 waliuawa.

3. Bendera isiyo na alama

Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO) kilipoundwa mwaka 1964, kilichukua rangi za uasi wa 1916 bila msalaba wala mwezi. Katika vyama vilivyojiunga nacho walikuwamo viongozi waliozaliwa katika nyumba za Kikristo, kama George Habash, aliyeanzisha chama chake mwaka 1967. Baada ya vita vya mwaka huo Israeli ilipiga marufuku bendera hiyo katika Gaza na Ukingo wa Magharibi, na katazo lilidumu hadi mapatano ya 1993.

4. Kuba na shahada

Hamas ilianzishwa Desemba 1987. Katika nembo yake imo Kuba ya Mwamba, panga mbili zilizopishana, na bendera mbili za Palestina zilizoandikwa maneno ya shahada. Bendera yake yenyewe ni ya kijani, na shahada imeandikwa kwa rangi nyeupe. Hati yake ya Agosti 1988 yaeleza maana. Ibara ya 11 yasema nchi ya Palestina ni wakfu wa Kiislamu. Ibara ya 27 yaikosoa PLO kwa kutenga dini na dola. Ibara ya 31 yasema wafuasi wa dini tatu waweza kuishi kwa amani chini ya kivuli cha Uislamu. Basi chini ya bendera ya milia Mkristo ni mwenyeji, lakini chini ya kivuli hicho yeye ni mgeni anayelindwa. Januari 2006 Hamas iliposhinda uchaguzi, wafuasi wake walipandisha bendera ya kijani juu ya jengo la bunge la Ramallah, na wafuasi wa Fatah wakajaribu kuishusha.

Lakini tusiseme kwamba kuba hiyo ni alama ya chama kimoja. Mwaka 1973 mchoraji Sliman Mansour, Mkristo wa Birzeit, alimchora mchukuzi mzee aliyebeba Yerusalemu mgongoni, na Kuba ya Mwamba ikionekana katikati ya mzigo. Kwake kuba ile ilikuwa nyumbani.

5. Hitimisho

Kuba ya Mwamba ilikamilika karibu na mwaka 691. Wapiganaji wa msalaba walipoiteka Yerusalemu mwaka 1099 waliifanya kanisa na kusimamisha msalaba juu yake. Salahuddin aliushusha mwaka 1187. Bendera ya Israeli nayo, iliyokubaliwa mwaka 1948, imechukua milia ya vazi la sala na Nyota ya Daudi. Basi hatuna haki ya kuwanyoshea Waislamu peke yao kidole, maana Wakristo tulitangulia kupandisha alama yetu juu ya paa la wengine.

Twaona kwamba neno takatifu likiandikwa juu ya bendera humpa nguvu mwenye kuliamini, na papo hapo humwambia jirani yake kwamba nchi si yake sawasawa. Ndiyo maana twaithamini bendera ile isiyo na neno. Chini yake Mwislamu na Mkristo wa Palestina waweza kudai haki ileile, kila mmoja akiichukua imani yake moyoni.