Mshairi na Fundi wa Mawe

Huku kwetu Nkololo, katika nchi ya Usukuma, nyumba za jadi zilikuwa za miti, udongo na nyasi, nazo hazikuishi umri mrefu. Nyimbo za ngoma ndizo zilizodumu. Basi si ajabu wanafunzi wetu kutuuliza: kwa watu waliojenga kwa mawe, mshairi alikuwa na kazi gani?

Virgil, mshairi mkuu wa Warumi, aliyekufa mwaka 19 kabla ya Kristo, alisimulia habari za Laocoon, kuhani wa Troya, aliyewaonya wenziwe juu ya farasi wa mti. Nyoka wawili wakatoka baharini wakamzinga yeye na wanawe wawili. Mwaka 1506 sanamu ya marumaru ya habari hiyo hiyo ilifukuliwa Roma, katika shamba la mizabibu. Wataalamu wakashindana: ni nani aliyemfuata mwenziwe? Lessing, Mjerumani, aliandika mwaka 1766 kwamba katika shairi Laocoon apiga kelele za kutisha, bali katika sanamu kinywa kimefunguka kidogo tu. Kwa kuwa kelele ya shairi hupita, na kinywa cha jiwe hakifumbi kamwe. Neno hili twaliona ni la haki.

Lakini pwani yetu nayo ina habari yake. Mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, ulikuwa na majumba ya matumbawe na chokaa, yenye nakshi na safu za vidaka ukutani (wenyeji husema zidaka) vya kuwekea sahani za Kichina. Ugomvi na vita viliudhoofisha, hata jeshi lake likashindwa Shela karibu na mwaka 1812. Zama hizo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiuonya moyo wake mwenyewe: autazame ukumbi usio na watu, taa zilizozimika, na vidaka vya sahani vilivyogeuka viota vya ndege.

Hakukusudia kuwasifu mafundi hata kidogo; alitaka kuonyesha kwamba dunia ni ubatili. Walakini, ili avidharau vitu vile ilimpasa kuvihesabu kimoja kimoja, na kwa hesabu hiyo twajua leo jinsi majumba yale yalivyopambwa. Mafundi wenyewe hatuna majina yao. Pate ni magofu mengi. Ila Lamu, katika nyumba kadhaa za kale, vidaka vingali ukutani, naye aliyeusoma utenzi huvitambua mara aingiapo.